Mwanafunzi akienda ofisi ya kata: ni kujifunza kazi, ni siasa, au ni kibarua cha bure?

Kikao cha wazazi kilikuwa kinaelekea mwisho, akina mama wameshaanza kujifunga khanga zao waondoke, mwalimu wa Uraia aliposimama na tangazo moja. Kuanzia muhula ujao, alisema, wanafunzi wa kidato cha tatu watakuwa wanatoka kila Jumatano mchana kwenda kufanya kazi na ofisi ya kata, zahanati na kamati ya maji. Watajifunza kwa kazi, kupitia ushiriki wa kiraia.

Watu wakakaa tena.

Mzee mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi mtoto nimemleta asome. Kwa mtendaji anakwenda kufanya nini? Kufagia?" Mama aliyekaa jirani yangu akadakia: kama ni kujifunza kazi, si bora apelekwe gereji akajue kushika spana? Sauti ya tatu ikatoka upande wa dirishani: "Hiyo ni siasa hiyo. Watoto waacheni."

Shule ile ni ya kata, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na mimi nilikuwepo kama mlezi wa mtoto wa dada yangu. Lakini kabla ya hapo nimefundisha Uraia kwa miaka, na maswali yale matatu nimeyasikia kila mahali jambo hili linapotajwa. Hakuna hata moja la kupuuzwa. Tatizo ni kwamba yanahusu mambo matatu tofauti, na yamefungwa kwenye furushi moja kwa sababu maneno yenyewe yamechanganyika. Naomba tulifungue hilo furushi taratibu.

Maneno kwanza

Kujifunza kwa kazi ni kujifunza jambo kwa kulifanya, mahali linapofanywa kweli, pamoja na mtu ambaye ndiyo kazi yake, kisha kurudi darasani kulichambua. Unaweza kumchorea mtoto mzabibu ubaoni, ukamwonyesha jicho la tawi na mahali pa kupitisha mkasi. Ataandika, atakariri, atapata alama zote. Lakini siku akishika mkasi shambani Hombolo, akakata tawi lisilostahili, mwenye shamba akamwambia, "Hapo umekata mavuno yangu ya msimu huu," hapo ndipo kupogoa kunapomwingia. Akirudi darasani akaelezwa kwa nini tawi lile ndilo lingezaa, ameshajifunza mara mbili.

Jambo hili si geni kwetu. Wanafunzi wa vyuo huliita kwenda field. Vyuo vya ufundi vya VETA na viwanda wana uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na kiwandani. Wahitimu wana mafunzo tarajali. Fundi cherehani wa Majengo anayemkalisha kijana pembeni yake mwaka mzima anafanya hicho hicho, ila kwake hakuna kurudi darasani.

Ushiriki wa kiraia ni mtu wa kawaida kushughulika na mambo ya wote mahali anapoishi: maji, mitaro, taka, barabara, usalama, shule. Kupiga kura ni sehemu yake, tena sehemu ya siku moja au mbili katika miaka mitano. Mtaro ulioziba unataka mtu kila wiki. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Umri wa miaka 18 umewekwa kwenye ibara ya 5, inayohusu kupiga kura. Kijana wa miaka 16 haruhusiwi kupiga kura, lakini maji ya kijijini kwao yanamhusu, hasa kama yeye ndiye anayebeba ndoo.

Ukiyaunganisha hayo mawili unapata tangazo la yule mwalimu: mwanafunzi ajifunze kazi kwa kushughulika na jambo la wote, chini ya mtu anayelisimamia jambo hilo kila siku.

Hapo watu wengi huchanganya na kujitolea. Shule ikitoka Jumamosi kufagia soko, huko ni kujitolea, na ni jambo jema kabisa. Lakini mwanafunzi aliyefagia soko amejifunza kushika ufagio, na ufagio alikuwa anaujua tangu darasa la kwanza. Mpe swali badala yake: kwa nini taka hurundikana kwenye kona ile moja kila Jumatatu, wakati kona nyingine ni safi? Sasa ahesabu magari ya taka, aongee na wauza mboga, aangalie ratiba ya mkandarasi, aandike. Soko ni lile lile na taka ni zile zile, ila sasa kuna kazi ya kujifunza ndani yake.

Kwa nini kata, wakati gereji ipo?

Mama wa spana ana hoja. Gereji ni mahali pazuri pa kujifunza, na anayetaka ufundi aende. Ndiyo maana Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024. Wa amali ana karakana, au anatakiwa awe nayo. Swali langu ni la huyu wa mkondo wa jumla, ambaye ndiye mtoto wa walio wengi. Yeye anakwenda wapi?

Tufanye hesabu rahisi. Kidato cha tatu kina wanafunzi 80. Kata ina gereji mbili, saluni kadhaa, maduka, fundi seremala mmoja mwenye kibanda. Ukiwagawa, nusu ya darasa haina pa kusimama. Na hiyo ni kata ya mjini. Nenda ndani wilaya za Chemba au Bahi uone kama utaipata hiyo gereji. Mkoa wetu si wa viwanda. Ni mkoa wa serikali, kilimo, mifugo, ujenzi na biashara ndogo.

Lakini angalia kilichopo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulitaka kila kata iwe na sekondari. Matokeo yake, bila mtu kupanga hivyo, karibu kila sekondari ya serikali leo ina jirani yake ofisi ya mtendaji wa kata. Kuizunguka ofisi hiyo utakuta zahanati au kituo cha afya, afisa ugani, afisa maendeleo ya jamii, kamati ya maji, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inayokaa na kuandika mihtasari. Kiwanda hakipo, ila kazi za umma zipo, na ziko umbali wa kutembea kwa miguu. Hili ndilo ningependa mzazi alione kabla ya mengine yote.

Na kazi zenyewe ni zipi? Kuandika muhtasari wa kikao ili asiyekuwepo aelewe kilichoamuliwa. Kutunza daftari la mapato ambalo mwingine anaweza kulikagua. Kupima. Kupanga foleni ya zahanati. Kuandika barua rasmi inayoomba kitu kimoja tu. Kumsikiliza mtu aliyekasirika mpaka ujue anachokitaka. Niambieni ni duka gani, benki gani, hoteli gani, shamba gani kubwa lisilohitaji mtu wa namna hiyo.

Wengine watasema, tuko makao makuu ya nchi, tuwapeleke Bungeni, tuwapeleke Mtumba kwenye wizara. Ziara hizo nazipenda. Nimewahi kukaa na darasa zima kwenye ukumbi wa wageni wa Bunge, na kuna mtoto aliyeanza kusoma magazeti siku ile. Ila ziara ni ziara. Mwanafunzi anakaa, anatazama, anapanda basi. Hakuna anayemsubiri alete kitu.

Wenzetu wa nje wameligusa hili kwa njia zao. Jimbo la Maryland nchini Marekani liliamua mwaka 1992 kwamba mwanafunzi wa sekondari ya umma asihitimu bila saa 75 za huduma kwa jamii zilizofungamanishwa na masomo. Sheria ya elimu ya ufundi ya Marekani nzima, ya mwaka 2018, inapoeleza kujifunza kwa kazi, haitaji wataalamu wa viwandani peke yao, inataja pia wataalamu wa jamii. Na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina mpango uitwao Y-PLAN ambapo ofisi ya umma huwapa wanafunzi swali halisi la mji wao, na wao hulipeleka jibu mbele ya ofisi hiyo. Halmashauri inakuwa kama mteja wao. Neno hilo mteja nimelipenda, kwa sababu mteja akipewa kazi mbovu anairudisha.

Jumatano kilulani

Mfano ufuatao nimeuunda mwenyewe, ingawa vipande vyake nimeviona hapa na pale.

Kijiji kiko Wilaya ya Bahi. Ni Septemba, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, na ijayo haitarajiwi kabla ya Desemba. Kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, kina mabomba mawili na hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu. Foleni ya ndoo inaanza gizani. Kila mkutano wa kijiji wananchi wanalalamika kwamba maji hayatoshi, na kila mara kamati ya maji inajibu kwamba kisima kinatoa kidogo. Hakuna aliyepima.

Katibu wa kamati anawapa wanafunzi sita swali moja: foleni inasababishwa na nini? Hajawaambia waandike insha kuhusu umuhimu wa maji. Ana swali, analihitaji jibu, na kikao cha kulipokea kina tarehe.

Jumatano ya kwanza hawapimi chochote. Wanakaa na katibu awaonyeshe daftari la mauzo, awaeleze mhudumu wa kilula analipwaje, nani ana funguo, fedha zinapelekwa wapi. Jumatano ya pili wanafika na ndoo ya lita 20, simu ya mwalimu yenye saa ya sekunde, na daftari lililopigwa mistari kwa rula. Msichana mmoja anasimama bomba la kushoto. Anasema "sasa", mwenzake anabonyeza. Ndoo inajaa kwa sekunde 40. Wanarudia: 41, 39, 40. Bomba la kulia: sekunde 100. Wanadhani wamekosea, wanarudia mara tano, kwa sababu mwalimu wa Hisabati amewaonya kwamba kipimo kimoja si kipimo. Ni 100 kweli.

Mama mmoja kwenye foleni anawajia juu. "Nyie mnaandika nini hapo? Mmetumwa na nani?"

Mvulana mwenye daftari anasimama wima. "Shikamoo mama. Sisi ni wa sekondari hapo juu, tumetumwa na kamati ya maji. Hatuandiki majina ya watu, tunaandika muda tu."

"Marahaba. Basi andika na hili: anafunga saa tatu, sisi wa kulima mbali tunarudi saa tano. Tunakaa bila maji mpaka kesho."

Anaandika. Kwangu mimi, dakika hiyo moja ina thamani kuliko hesabu zote zitakazofuata. Kijana wa miaka 16 amejieleza mbele ya mtu mzima aliyekasirika, bila kiburi na bila woga, akaondoka na taarifa ambayo hakwenda kuitafuta.

Darasani ndipo somo linapokolea. Bomba la sekunde 40, ukiacha muda wa kubadilisha ndoo, linajaza ndoo 90 kwa saa. La sekunde 100 linajaza 36. Tofauti ni ndoo 54 kwa saa, na kwa saa tatu za asubuhi ni ndoo 162, yaani lita 3,240 ambazo zingeweza kutoka lakini hazikutoka. Mwalimu wa Fizikia anauliza: kama mabomba yote mawili yanatoka kwenye tangi moja, kwa urefu uleule, kisima kinawezaje kuwa ndiyo sababu? Kitu kimeziba njiani. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi huganda ndani ya bomba na koki. Mwalimu wa Uraia anauliza lake: nani ana mamlaka ya kuidhinisha fedha za koki mpya, na nani ana mamlaka ya kubadilisha saa za kufungua? Mwalimu wa Kiswahili anawakatia ripoti ya kurasa nne ibaki ukurasa mmoja.

Siku ya kikao wanapewa dakika kumi. Kuhusu koki, kamati inakubali itafunguliwa na kukaguliwa mwezi huo huo. Kuhusu kufungua mchana, kamati inakataa: mhudumu analipwa kwa saa tatu, na kumwongezea malipo ni jambo la mkutano mkuu wa kijiji, unaokaa kila miezi mitatu. Wanafunzi wanarudi na "ndiyo" moja na "hapana" moja yenye sababu. Hiyo "hapana" ndiyo waliyoijadili zaidi wakirudi darasani.

Siasa iko wapi?

Yule wa dirishani alitaja siasa, na najua alichokuwa anakifikiria. Ukitaja ofisi ya kata, watu huona bendera na magari ya matangazo. Tutenganishe basi. Mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji au mtaa ni waajiriwa, hawagombei kitu. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa anachaguliwa, na uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Diwani naye anachaguliwa, kwenye uchaguzi mkuu. Mwanafunzi anafanya kazi na upande wa utendaji: madaftari, vipimo, huduma. Havai fulana ya chama, habebi bango, na msimu wa kampeni ukifika shughuli zinasimama hadi upite. Shule yoyote isiyoweka masharti hayo kwa maandishi, mzazi ana haki ya kukataa.

Ila nisiwadanganye kwamba mambo ya wote hayana mgongano ndani yake. Kuna siku wanafunzi watauliza kwa nini taarifa ya mapato na matumizi haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kuna mtu mzima atakayekunja uso. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika, na mara nyingi kosa ni letu sisi walimu. Tunawatuma watoto na maswali ambayo hatujakubaliana na mwenye ofisi, halafu jibu linatangazwa mkutanoni kabla yeye hajalisikia. Hata mimi ningekasirika. Swali lipitishwe mapema na pande zote mbili. Majibu yafike kwanza kwa aliyeuliza. Na likitokea la kutokea, mwalimu ndiye asimame mbele, mwanafunzi asiachwe peke yake na mtu mwenye cheo. Mkuu wa shule asiyekuwa tayari kwa hilo asianze.

Kibarua cha bure

Swali la mzee wa mstari wa nyuma, "Kufagia?", ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu mimi nilifagia.

Nilipokuwa sekondari tulikuwa na shamba la shule. Jumamosi tulitoka na majembe, aliyechelewa namba akaongezewa kipande. Tulipanda, tukapalilia, tukavuna. Mpaka leo sijui tulivuna magunia mangapi, yaliuzwa kwa bei gani, wala kwa nini mwaka mmoja mahindi yalikauka na ya jirani yakapona. Hakuna aliyetuuliza, hakuna aliyetueleza. Darasani tulisoma Kilimo kwenye daftari, shambani tulishika jembe kimya, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana.

Inauma kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alitaka shamba liwe sehemu ya somo, na wanafunzi washiriki kuamua na kuona matokeo ya jasho lao. Katika shule nyingi jembe lilibaki, somo likapotea, na mwisho jembe likawa adhabu. Wazazi wa umri wangu wakisikia mwanafunzi na kazi kwenye sentensi moja, mikono yao inakumbuka malengelenge. Sishangai wakikataa.

Basi tofauti ya kujifunza na kutumikishwa unaipimaje? Mimi natumia swali hili: mwanafunzi asipofika leo, ofisi italazimika kutafuta mtu wa kumlipa aifanye ile kazi? Kama jibu ni ndiyo, huyo ni kibarua, na kibarua hulipwa. Kumpanga mwanafunzi kufagia ofisi, kutumwa chai au kubeba mafaili muhula mzima ni kumtumikisha, hata kama ofisi ni ya serikali.

Sheria nayo ina mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri huo huo. Kuanzia 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kazi za hatari kama za migodini haziruhusiwi kabla ya miaka 18, wala kazi za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo kikundi kinachokwenda kuhesabu malori kwenye machimbo ya kokoto kihesabu kikiwa barabarani, kisishuke machimboni.

Kuna la usalama pia ambalo halisemwi hadharani, nami nalisema. Msichana asipangwe peke yake na mtu mzima ndani ya ofisi iliyofungwa mlango, hata awe nani. Waende wawili wawili au zaidi, mlango wazi, mwalimu ajue walipo, na saa kumi jioni wawe wamerudi. Mzazi aliyepewa ratiba bila maelezo hayo ayadai.

Na taarifa za watu. Tangu mwaka 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto anayepita nyumba kwa nyumba na daftari anahusika nayo. Asiandike majina, namba za simu wala magonjwa ya watu. Ahesabu, apime, aulize maoni bila jina. Zahanati inaweza kumfundisha kupima muda ambao mgonjwa anasubiri, lakini haipaswi kumfungulia daftari la wagonjwa.

Na mtihani je?

Hofu hii ni halali, nitaijibu kwa kifupi. Kidato cha nne wana mtihani wa NECTA Novemba, kidato cha pili wana upimaji wao wa kitaifa, kwa hiyo anayebaki na nafasi ni kidato cha tatu. Saa mbili kila Jumatano kwa wiki nane ni saa 16. Shule nyingi tayari zina muda wa usafi, klabu na kazi za nje unaozidi huo, mwingine ukipotea chini ya mti. Sidai kwamba kupima ndoo kutampandisha mtu daraja. Nadai kwamba mwanafunzi aliyewahi kutumia wastani kuieleza kamati jambo lake haulizi tena "wastani unatusaidia nini, mwalimu?"

Upo pia uvumi kwamba haya ni ya wasiofanya vizuri, kwamba wenye akili wabaki na vitabu. Huu unaniudhi. Daktari wa kesho atafanya kazi na kamati ya afya ya kituo. Mhandisi atasimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza kwa nini barabara inapita kwenye shamba la mtu. Mwenye daraja la kwanza asiyeweza kumsikiliza mama wa kwenye foleni atapata shida kubwa kuliko anavyodhani.

Mwisho wa muhula mwanafunzi apate nini mkononi? Nisingependa cheti cha kushiriki, vile vya nembo nne na saini tano. Ningependa barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa aliyemsimamia, inayosema kwa maneno ya kawaida alichokifanya: alipima hiki, aliandika muhtasari wa kikao cha tarehe fulani, aliwasilisha mbele ya watu wangapi, alirekebishwa wapi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetafuta kijana wa kumtunzia stoo atajua cha kufanya na barua hiyo.

Tukirudi kwenye kikao, giza lilikuwa limeanza kuingia mwalimu alipomaliza kujibu. Mzee wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono tena. "Sawa. Sasa hilo swali lenyewe mlilopewa ni lipi?"

Mwalimu akafungua daftari. Mtendaji ameomba wanafunzi waangalie mtaro wa kutoka sokoni, akasema. Kila mvua zikianza Desemba, maji yanaacha mtaro na kuingia uwanja wa zahanati, na hakuna anayejua kwa nini yanapindia pale.

"Yanapindia pale kwa sababu mtaro ulihamishwa," mzee akasema. "Mimi nilikuwepo ulipochimbwa wa kwanza. Ulipita huku, nyuma ya mbuyu."

Mwalimu akamwomba asiondoke, akaenda kumkalia pembeni na kalamu.